Jinsi ya Kubadilisha Shafti ya Gurudumu la Mbele Mwenyewe Nyumbani

Maswali kuhusu shafti za mbele ni yale yale kila mara. Gari linalia ta-ta-ta nikikata kona, je, ni shafti? Naweza kuibadilisha mwenyewe? Ni lazima nimwage oili ya giaboksi? Ile nati kubwa ya katikati ya gurudumu imekataa kabisa kulegea, nifanyeje? Nimeyajibu yote hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili uwe na majibu karibu wakati mikono yako imejaa grisi.

Kama umeshawahi kubadilisha pedi za breki mwenyewe na gari likashika breki vizuri, kazi hii unaiweza. Tenga nusu siku, usiianze jioni. Kuna sehemu mbili tatu zinazotaka nguvu hasa, na hapo ndipo watu wanapoharibu: nyundo ya chuma inapigwa kwenye nyuzi za shafti, mtu anavuta fimbo ya shafti badala ya jointi, au nati kubwa inakazwa kwa kukisia. Ukijihadhari na hayo matatu, mengine ni kufungua na kufunga tu.

Mwongozo huu ni wa magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, ambayo shafti imeingia moja kwa moja kwenye giaboksi na kushikwa na klipu ndogo ya waya. Kwenye magari mengine upande wa ndani umefungwa kwa bolti sita hivi kwenye sahani ya chuma; nitaligusia hilo tukifika kwenye hatua yake.

Kwanza hakikisha ni shafti kweli

Shafti ina jointi mbili: ya nje iliyoingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na ya ndani iliyoingia kwenye giaboksi. Kila moja imefunikwa na buti la raba lililojaa grisi. Buti likipasuka, grisi inatupwa nje, mchanga na maji vinaingia, na jointi inaanza kujila yenyewe. Kwa kawaida uchakavu wa shafti huanzia hapo.

Tafuta uwanja ulio wazi. Kata usukani mpaka mwisho upande mmoja, endesha polepole kwa mduara huku ukikanyaga mafuta kidogo, kisha rudia upande wa pili. Mlio wa ta-ta-ta unaoongezeka kasi kadiri gari linavyoongeza mwendo ni wa jointi ya nje. Mara nyingi shafti mbovu ni ile iliyo upande wa nje wa kona, yaani ukikata kushoto na mlio ukazidi, anza kushuku ya kulia. Usinunue kitu kwa ushahidi huo peke yake, kwa sababu sauti husafiri kwenye chuma na kudanganya sikio.

Jointi ya ndani haina tabia hiyo. Yenyewe hutikisa gari unapoongeza mwendo na kutulia ukiachia mafuta, au hugonga mara moja unapotoka gia ya nyuma kwenda ya mbele. Na kama unachosikia ni mvumo unaoendelea hata ukienda moja kwa moja, unaopanda na kushuka na mwendo wa gari, hiyo huwa beringi ya gurudumu. Shafti mpya haitaunyamazisha.

Sasa ingia chini na tochi. Angalia upande wa ndani wa rimu, shokapu na mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu na bodi ya gari): grisi nyeusi iliyorushwa na kujichora mstari ni dalili isiyohitaji mjadala. Kunjua mikunjo ya buti kwa vidole mmoja baada ya mwingine huku ukizungusha gurudumu, maana mpasuko hujificha ndani ya mkunjo. Chukua grisi iliyobaki uisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikiwa laini, bado kuna matumaini. Ikikwaruza kama ina chenga, chuma kimeshaliwa.

Buti likiwa limepasuka lakini jointi haijaanza kulia, unaweza kuifungua, kuiosha na kuweka buti na grisi mpya. Ikishaanza kulia usijisumbue. Mipira ya ndani imeshachimba njia zake, na hakuna grisi inayojaza shimo la chuma. Badilisha.

Vitu vya kuandaa

Viweke vyote tayari kabla hujagusa nati hata moja:

- Shafti mpya ya upande husika. Ya kushoto na ya kulia mara nyingi hazilingani urefu, kwa kuwa giaboksi haikai katikati ya gari.
- Nati mpya ya habu (ile kubwa ya katikati ya gurudumu), kama haikuja na shafti. Ya zamani usiirudishe.
- Sili mpya ya oili ya pale shafti inapoingilia giaboksi, na kotapini mpya (pini inayokunjwa ili nati isilegee) kama boljointi yako, yaani kiungo kinachoshika habu kwenye mkono wa chini, inatumia.
- Oili ya giaboksi ya aina ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa gari la otomatiki hili halina mjadala. Oili ya aina nyingine inaweza kuiua giaboksi nzima.
- Jeki imara, stendi mbili za jeki, na kabari za magurudumu ya nyuma.
- Soketi ya nati ya habu. Magari mengi madogo hutumia milimita 30, 32 au 36. Pima kabla ya siku ya kazi.
- Mpini mrefu wa soketi, usiopungua nusu mita, na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm) inayofika walau Nm 300.
- Soketi na spana za kawaida (14, 17, 19 na nyingine za jirani), koleo, bisibisi bapa, tindo nyembamba na mtaimbo mdogo.
- Nyundo ya raba au ya plastiki. Huna? Kipande cha ubao mgumu na nyundo ya kawaida vinatosha.
- Mafuta ya kulegeza kutu, brashi ya waya, beseni la kukinga oili, faneli, matambara, miwani ya kukinga macho na kipande cha waya wa kufungia.
- Mtu wa kukusaidia kukanyaga breki. Hatakiwi kujua ufundi wowote.

Tafuta pia vipimo vya kukazia vya gari lako: nati ya habu, bolti za boljointi na nati za tairi. Nati ya habu kwa magari mengi iko kati ya Nm 180 na 300, na huo ni upana mkubwa mno wa kubahatisha ndani yake. Nyingine hukazwa kwa kipimo fulani kisha kuongezwa digrii kadhaa za mzunguko. Andika namba zako kwenye karatasi, uibandike mahali utakapoiona.

Kabla hujanyanyua gari

Kuna jambo moja ambalo wanaoanza hawalijui na linaweza kumuumiza mtu. Shafti moja ikishatoka, gia haishikilii gari tena. Si gia ya kwanza, si P ya otomatiki. Nguvu inayoshikilia gari hupita kwenye difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili), na difu ikikosa upande mmoja huuachia na upande wa pili uzunguke bure. Kinachobaki kuzuia gari lisitembee ni breki ya mkono na kabari za nyuma. Kwa hiyo fanya kazi kwenye sakafu ngumu na tambarare, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya nyuma, na uhakikishe breki ya mkono inashika kweli. Mteremko hata mdogo, kataa.

Jeki ni ya kunyanyulia. Ya kubebea gari ni stendi. Matofali usiyatumie kabisa: hayapindi wala hayatoi onyo, hupasuka ghafla huku wewe uko chini.

Hatua za kazi

1. Legeza nati ya habu gari likiwa chini. Toa kofia ya katikati ya rimu uone kama nati inafikika. Safisha nyuzi kwa brashi ya waya, puliza mafuta ya kulegeza kutu, subiri dakika kumi. Angalia nati imefungwaje. Kama ukingo wake umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti, unyanyue kwa tindo mpaka utoke kabisa mferejini. Ukiusahau, utaburuza ukingo huo juu ya nyuzi zote. Kama ina kotapini, inyooshe uitoe.

Sasa msaidizi akanyage breki kwa nguvu, ingiza soketi mpaka mwisho, shika mpini mrefu. Vuta kwa uzito wa mwili, mgongo ukiwa umenyooka, wala usirukie mpini kwa miguu. Nati ikishakubali, ishia hapo: robo ya mzunguko inatosha. Hiyo nati ndiyo inayoibana beringi pamoja, na uzito wa gari juu ya beringi iliyoachiwa huiharibu. Kwa sababu hiyohiyo, usilisogeze gari kwa magurudumu yake wakati shafti haimo kwenye habu.

Rimu ikiwa haina tundu la kutosha la kupitisha soketi, iache nati kwa sasa. Utailegeza gari likiwa juu ya stendi, tairi limetoka, na msaidizi akikanyaga breki vilevile. Vuta kwa utulivu, ukitazama stendi.

Legeza na nati za tairi kidogo.

2. Nyanyua gari. Weka jeki kwenye sehemu iliyotajwa na kitabu cha gari, nyanyua, ingiza stendi, shusha gari liketi juu yake. Lisukume kwa mkono kutoka ubavuni. Likiyumba, anza upya. Kisha toa tairi na ulilaze chini ya ubavu wa gari; likitokea la kutokea, litapokea uzito kabla yako.

3. Mwaga oili, au jiandae kuikinga. Kwenye giaboksi nyingi, shafti ikitoka oili inafuata. Gari la gia za mkono ni rahisi: fungua kwanza bolti ya kujazia, halafu ndiyo ya kumwagia. Usigeuze mpangilio huo, maana ukishamwaga oili na bolti ya kujazia ikagoma, umekwama na giaboksi tupu. Kwa otomatiki, wengine huweka beseni na kupima kilichomwagika ili warudishe kiasi kilekile. Njia hiyo inafaa ikiwa beseni ni safi na unapima kweli, na ikiwa kabla ya kuanza kiwango kilikuwa sawa.

4. Fungua vinavyozuia. Waya wa sensa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu) na paipu ya breki vimeshikwa kwa bolti ndogo kwenye shokapu au kwenye chuma kinachobeba habu. Vifungue uvipe nafasi. Waya huu ni mwembamba na haupendi kuvutwa. Kalipa kwa kawaida haina haja ya kutolewa. Ukilazimika, ining'inize kwa waya kwenye springi, kamwe isining'inie kwa paipu yake.

5. Achanisha mkono wa chini. Lengo ni habu iweze kusogea nje vya kutosha kuiachia shafti. Njia niipendayo ni ya chini: magari mengi yana boljointi iliyofungwa kwenye mkono wa chini kwa bolti moja na nati mbili. Ukizitoa hizo, unaugandamiza mkono chini kwa mtaimbo na boljointi inatoka bila kuguswa yenyewe. Nyingine imebanwa kwa bolti moja inayopita pembeni. Itoe bolti yote, kisha panua ufa kidogo kwa bisibisi bapa.

Kama boljointi imeingia kwa umbo la koni na nati yenye kotapini, legeza nati bila kuitoa, halafu gonga kwa nyundo ubavuni mwa chuma kilichoizunguka. Pigo mbili tatu kali huachilia koni. Usiipige boljointi yenyewe chini, na uma wa kuchomeka katikati utumie tu kama boljointi unaibadilisha pia, kwa kuwa unachana raba yake.

Njia ya juu, yaani kufungua bolti mbili za shokapu, inafanya kazi, lakini kwenye magari mengi bolti hizo ndizo zinazoamua gurudumu linasimamaje. Ukizichagua, chora mistari ya alama kabla ya kufungua, na ujue huenda gari likahitaji kupangwa magurudumu.

Ukiona bado nafasi haitoshi, toa na tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu) kwa mtindo uleule wa kugonga ubavuni.

6. Sukuma shafti itoke kwenye habu. Toa nati ya habu, kisha irudishe kwa mkono mpaka ilingane na ncha ya shafti. Weka ubao juu yake na ugonge. Hata kama shafti hii inaenda kutupwa, linda nyuzi zake: ncha ikitandazwa kwa nyundo haitapita tena kwenye habu, na hapo kazi ya nusu siku inageuka kuwa ya siku mbili.

Ikigoma, ongeza mafuta ya kulegeza kutu kwenye meno, subiri, gonga tena. Ikizidi kugoma, tumia kivutio cha habu kinachofungwa kwenye bolti za tairi na kusukuma shafti katikati. Kupiga kwa nguvu zaidi mahali hapo huishia kwenye beringi.

Ikiachia, vuta habu kwako, telezesha shafti nje, na uishike isining'inie kwa jointi ya ndani.

7. Toa upande wa giaboksi. Hapa tulia. Weka beseni chini. Ingiza ncha ya mtaimbo kati ya kikombe cha jointi ya ndani na mwili wa giaboksi, ukitafuta mahali pa chuma kinene, si kwenye ukingo wa sili. Mwili wa giaboksi huwa wa aluminiamu na unavunjika. Toa msukumo mmoja mfupi na wa ghafla. Kinachoshikilia ni ile klipu ndogo ya waya. Ikikubali kusinyaa, utasikia "tak" na jointi itatoka sentimita moja hivi. Ukiweka nguvu ndefu ya kuegemea, klipu haisinyai, na kitakachoachia ni kitu kingine. Ikigoma, zungusha shafti robo ya mzunguko ujaribu tena, kwa kuwa klipu huenda imelala vibaya.

Usivute fimbo ya katikati. Nimeliona kosa hili mara nyingi mno: mtu anashika fimbo kwa mikono miwili, anavuta, inatoka, anafurahi, kumbe jointi ya ndani imefunguka na kikombe kimebaki kwenye giaboksi pamoja na klipu yake. Vuta kikombe chenyewe, ukiitegemeza shafti kwa mkono wa pili ili isikwaruze sili ikitoka.

Kwa magari yenye bolti upande wa ndani, chora alama, safisha matundu ya bolti kwa bisibisi nyembamba mpaka uchafu wote uishe, ndipo uingize biti sahihi. Ikiingia nusu, itakula kichwa cha bolti. Aina hii haimwagi oili.

Na ikiwa unabadilisha shafti zote mbili, maliza upande mmoja kabisa kabla ya kutoa wa pili. Kwenye giaboksi kadhaa, zikitoka zote pamoja, gia za ndani ya difu huhama mahali pake.

8. Linganisha ya zamani na mpya. Zilaze sambamba sakafuni. Urefu, idadi ya meno pande zote mbili, unene wa sehemu inayogusa sili, nyuzi za nati, na ile pete yenye meno ya ABS kama ya zamani inayo. Usiruke hata kimoja. Kasoro ya jino moja utaigundua hapa bila maumivu, au utaigundua ukiwa umelala chini ya gari unasukuma kitu kisichoingia.

Badilisha sili sasa. Ing'oe kwa bisibisi bila kuchora ukuta wa tundu, paka sili mpya oili kwenye mdomo, ingiza kwa kugonga polepole kwa kuzunguka mpaka ikae kina kilekile cha ya mwanzo. Unaweza kusema ya zamani haikuwa inavuja. Ni kweli, ila mdomo wake umezoea shafti ya zamani, na kuirudia kazi yote kwa ajili ya raba ndogo kunauma.

9. Ingiza shafti mpya kwenye giaboksi. Futa tundu, hakikisha klipu mpya imo kwenye mfereji wake, igeuze uwazi wake uangalie chini, na uipake grisi kidogo ikae katikati. Paka oili sehemu ya sili. Ingiza kwa kunyoosha, ukiitegemeza isiulalie mdomo wa sili, zungusha mpaka meno yakutane, kisha isukume kwa nguvu moja kwa moja. Utasikia "tak" ileile. Ikihitaji msaada, gonga ncha ya nje juu ya ubao, nati ikiwa imelinda nyuzi.

Ithibitishe: shika kikombe cha jointi ya ndani ukivute. Kinatakiwa kicheze kidogo tu kisha kikatae. Kikitoka, klipu haijashika.

10. Rudisha habu na mkono wa chini. Safisha meno ya ndani ya habu, pitisha shafti, fungia nati mpya kwa mkono. Usikunje jointi kupita kiasi wala kubana buti jipya kati ya vyuma. Rudisha boljointi, tairodi, waya wa ABS na paipu ya breki, kila kimoja kwa kipimo chake. Kwenye nati ya kotapini, ukifikia kipimo na tundu halijalingana, kaza zaidi kidogo mpaka lilingane. Usirudi nyuma kuitafuta nafasi.

11. Kaza nati ya habu. Msaidizi akanyage breki, gari likiwa bado juu ya stendi. Kaza kwa spana ya toki mpaka kipimo cha gari lako. Bunduki ya upepo usiitumie kumalizia, haijui kipimo. Nati ikilegea beringi inaachana, ikizidi beringi inaungua, na dalili zake huja baada ya muda, wakati umeshasahau ulifanya nini. Kisha gonga ukingo wa nati uingie mferejini kwa tindo butu, au weka kotapini mpya.

Sasa tairi lirudi na gari lishuke. Nati za tairi zikazwe kwa kukingamiza, nyingi zikiwa kati ya Nm 100 na 120 kwa magari madogo.

12. Jaza oili. Gia za mkono: gari likiwa limelala sawa, jaza mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, funga. Otomatiki: fuata utaratibu wa kitabu, kwa kuwa nyingi hupimwa injini ikiwa inawaka na oili ikiwa na joto fulani.

13. Jaribu. Kanyaga breki mara kadhaa kabla ya kuondoka. Rudia ule mduara wa mwanzo pande zote mbili, kisha endesha barabara iliyonyooka kwa dakika kumi. Rudi, angalia kwa tochi pale shafti inapoingia kwenye giaboksi. Pakae pakavu. Baada ya kilomita 50 hadi 100, pitia nati za tairi kwa spana ya toki.

Mambo yakienda kombo

*Nimeweka gia, injini inanguruma, gari haliendi.* Shafti haijaingia mpaka mwisho upande wa giaboksi au imetoka. Zima, nyanyua tena, vuta kikombe uone. Usiendelee kukanyaga mafuta.

*Shafti inaingia lakini inabaki sentimita moja nje.* Klipu imelala upande mmoja. Itoe, iweke katikati kwa grisi, jaribu tena na shafti imegeuzwa robo. Usiipige kwa nyundo kubwa. Klipu ikivunjika vipande vyake vinaingia kwenye difu.

*Oili inadondoka pale pale.* Sili imekunjwa mdomo au imeingia upande. Kwanza futa kabisa uendeshe tena, kwa maana oili iliyomwagika wakati wa kazi huendelea kuchuruzika kwenye vyuma na kutisha watu bure. Ikirudi, sili mpya nyingine.

*Ta-ta-ta bado ipo.* Mara nyingi ni shafti ya upande wa pili. Kagua na bolti za kalipa kama uliigusa.

*Gari linatetemeka likiongezwa mwendo, na halikuwa hivyo.* Angalia nati za tairi kwanza, halafu jointi ya ndani kama imeketi vizuri. Shafti mpya nayo huweza kuwa mbovu tangu dukani, hasa zile za kukarabatiwa. Ndiyo sababu ya zamani usiitupe mpaka gari limekaa sawa wiki mbili.

*Taa ya ABS imewaka.* Waya wa sensa umevutwa, haujachomekwa, au shafti mpya haina pete yenye meno kama ya zamani. Breki za kawaida zinafanya kazi, ila ABS haipo mpaka urekebishe.

*Mvumo umeanza ambao haukuwepo.* Beringi. Kagua kipimo cha nati ya habu, na ikiwa ni sahihi, beringi iliumia kwenye kugonga au kwenye kusogeza gari bila shafti. Shika tairi juu na chini ukiwa umenyanyua gari, ulitikise. Likicheza, usiende nalo safari ndefu kabla ya kuibadilisha.

*Usukani unavuta upande mmoja.* Hutokea kwa waliofungua bolti za shokapu au walioizungusha tairodi. Gari lipelekwe kupangwa magurudumu, na hadi hapo angalia matairi kila siku kama yanaliwa ukingo mmoja.